Naombwa niwafundishe wagonjwa wenzangu, mke wangu hataki

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, nina miaka 41, nina mke na watoto watatu. Tunaishi Tanga mjini. Mke wangu ndiye msomaji wako wa siku nyingi. Mimi nilikuwa nakusikia tu akinisomea baada ya chakula cha usiku. Ukiichapisha barua hii naomba ubadilishe yale yatakayonianika mtaani.

Miaka mitatu iliyopita niliugua. Nasema niliugua kwa sababu leo najua jina lake, baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi na wakati mwingine kumshusha kwenye huzuni, lakini wakati ule nilijiona mzima kuliko watu wote. Usingizi ulikuwa haunihusu. Nikilala kwa muda wa saa mbili tu naamka kama niliyelala mchana kutwa. Nilisahihisha madaftari ya mikondo minne kwa usiku mmoja, nikaanza kuwasahihishia na walimu wenzangu bila kuombwa. Nikakopa milioni moja na nusu kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikanunua madaftari na kompasi nikagawa bure. Watu walinisifu. Halafu usiku mmoja, saa nane, nikasikia kengele ya shule inalia. Nikatoka na shuka kiunoni, nikaenda, nikaingia darasani nikafundisha. Mlinzi alinieleza baadaye kwamba nilifundisha milinganyo kwa karibu saa nzima, naita majina kwenye madawati matupu, na mmoja nikamtoa nje kwa kuchelewa.

Walionifuata ni mke wangu na vijana wawili wa jirani. Niligoma kutoka. Kijana mmoja nilimpiga kwa rula ya ubaoni. Mwisho walinifunga mikono na miguu kwa kanga, wakanipakia kwenye bajaji. Wodini nilikaa wiki sita. Kazini na kwa watoto ikasemwa malaria ilinipanda kichwani, na mpaka leo ndivyo inavyosemwa. Shuleni anayejua ukweli ni mkuu wa shule peke yake.

Nikarudi kazini. Tatizo ni kwamba dawa ilinitetemesha mkono, na mwalimu wa hesabu lazima achore duara ubaoni. Kidato cha pili wakanipa jina, Mwalimu Vaibresheni. Ramadhani ilipofika nikaacha kidonge cha mchana kwa ajili ya swaumu, kisha cha jioni nacho nikaona kazi yake siioni. Mfunguo Mosi haujaisha, nimerudi wodini.

Safari hiyo ya pili ndipo nilipokutana na Sista. Ameanzisha darasa nyuma ya kliniki, chini ya mwembe, kila baada ya Jumamosi moja. Mgonjwa anakuja na ndugu yake. Mnafundishwa ugonjwa wenyewe ni nini, dawa inafanya nini mwilini, dalili za mwanzo zikoje, halafu kila kikao mnachukua tatizo moja la nyumba ya mtu mnalichambua mpaka lipate njia. Sista anasema utaratibu huo ameuiga kutoka mpango mmoja uliofanyiwa majaribio Dar es Salaam na Mbeya, unaoitwa KUPAA. Mke wangu alisema hana nafasi, kwa hiyo nimekuwa nikienda na mdogo wangu. Tumehudhuria mara saba.

Mara ya tano kijana mmoja wa bodaboda aliuliza afanyeje na dawa kwenye mfungo. Sista akawa anapekua karatasi zake. Sijui nini kilinisukuma, nikasimama nikamweleza yaliyonikuta mimi, na jinsi daktari alivyokuja kunipangia upya, dozi moja baada ya futari na nyingine kwenye daku. Yule kijana akatoa simu akaanza kuandika. Mama, nimefundisha miaka 16. Sikumbuki lini mwanafunzi aliandika maneno yangu kwa haraka ile bila kuambiwa yatatoka kwenye mtihani.

Sasa Sista anataka baada ya Idi tufundishe wawili, yeye upande wa dawa, mimi upande wa maisha. Anataka siku ya kwanza nisimulie kisa changu chote. Mke wangu amesema neno moja: "Ukisimama pale mbele, mimi narudi kwetu Pangani." Anasema binti yetu mkubwa, ana miaka 16, anasoma shule ninayofundisha, anasema wazazi wa wanafunzi wangu wanatibiwa kliniki ileile, anauliza nani atakuja kuposa kwenye nyumba ya wazimu. Mama yangu mzazi naye anasema lilikuwa jini la baharini, na jini halizungumzwi mbele za watu.

Na mimi nina langu ambalo sijamwambia mtu. Nimeshaanguka mara mbili. Nikisimama leo kufundisha kupona, halafu mwakani ni mimi tena niliyefungwa kanga, wale wanafunzi watakuwa wamejifunza nini? Hata hesabu sifundishi sura ambayo mwenyewe sijaimaliza.

Nifundishe, au ninyamaze nishukuru Mungu kwa hapa nilipofika?

Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwalimu.

Nimegeuza mambo matatu kwenye barua yako, kama ulivyoomba. Mtaani hawatakujua. Mkeo atakujua kabla hajamaliza aya ya kwanza, na sidhani kama hilo lilikupita wakati unaandika. Tutalirudia.

Ngoja niseme nilivyokuelewa, unisahihishe, maana ndiyo kazi yako. Uliugua, ukapona, ukaacha dawa, ukaugua, ukapona tena. Katika kupona huku kwa pili umepata kitu ambacho kidonge hakikukupa, nacho ni darasa. Ulianza ukikaa upande wa wanafunzi. Sasa unaitwa mbele, na kwenda mbele kunafunua jambo ambalo nyumba yenu imelifunika miaka mitatu kwa jina la malaria. Wewe unavutwa huku, mkeo anavuta kule, na ndani yako kuna sauti inayokuambia huna haki ya kufundisha kupona ilhali hujui kama umepona.

Nianze na sauti hiyo, kwa kuwa ndiyo uliyoisukuma mwisho wa barua.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili miaka 27. Kila asubuhi baada ya uji tulikuwa na kipindi tulichokiita elimu ya afya. Nasimama na karatasi, nasoma: dawa hii inaitwa hivi, msiache, msinywe pombe. Wagonjwa wanasinzia, na nusu ya usingizi huo niliwapa mimi mwenyewe kwa kikombe cha dawa. Nauliza kuna swali, hakuna swali, naandika kwenye daftari kwamba elimu imetolewa. Siku moja mama muuza dagaa aliyelazwa kwa mara ya nne akaniambia, "Sista, hebu pumzika." Akawageukia wenzake akawaeleza yeye anavyojijua kwamba anaanza kuugua: anaanza kuwapimia watu dagaa bure. Wodi ikacheka. Halafu mmoja akasema yeye huanza kwa kufua nguo safi, mwingine huanza kumpigia simu shemeji yake, mwingine hivi, mwingine vile, mpaka chai ikapoa. Yule mama alikuwa bado kwenye gauni la wodi. Kwa miaka yote ile, hiyo ndiyo asubuhi ninayoikumbuka kwamba kilifundishwa kitu.

Wenzetu mahali pengine wameligeuza jambo hilo kuwa mfumo. Mwaka 2009, kusini-magharibi mwa London, kilianza chuo cha kupona. Anayeingia pale anaitwa mwanafunzi. Anajiandikisha somo alitakalo: usingizi, kuishi na sauti unazozisikia, kurudi kazini. Kila somo hutungwa na kufundishwa na watu wawili, mtaalamu mmoja na mtu aliyepitia ugonjwa, na kwenye viti wanachanganyika wagonjwa, ndugu na wahudumu wa afya. Uchunguzi uliochapishwa 2023 ulihesabu vyuo vya namna hiyo 221 katika nchi 28. Vimefika hadi kwa jirani zetu Uganda, kwenye hospitali ya akili ya Butabika, Kampala. Na Kampala pamoja na Dar es Salaam zilishiriki utafiti wa kimataifa uitwao UPSIDES, wa kuwaandaa watu waliougua wawe msaada kwa wanaougua. Kwa hiyo Sista wako hajakuomba kitu cha ajabu. Hata huko mkoani kwenu, Lutindi, kule milimani Korogwe, ambako mwaka 1896 paliwekwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani kabla hapajawa hospitali ya akili, wagonjwa wamekuwa wakilima na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya tiba. Jembe mgonjwa alishapewa zamani. Kinachobishaniwa sasa ni chaki.

Nimekutajia haya kwa sababu ya neno lako, kupona. Kwenye madarasa hayo mtu huhesabiwa yumo safarini anapopata tena maisha anayoyaona ni yake, hata kama dalili fulani hazijamwacha na dawa bado anameza. Wewe umelichukua kama sura ya kitabu yenye majibu kurasa za nyuma. Lakini hebu nikuulize: yule kijana wa bodaboda aliandika nini kwenye simu yake? Aliandika ulipokosea. Ulimwonyesha hatua uliyoiruka na jinsi ya kutoiruka. Si ndivyo unavyofanya ubaoni kila siku?

Hapo hapo nisikupambe sana, maana kuna kitu kwenye barua yako kimenishtua kidogo. Ulipogawa madaftari bure watu walikusifu. Chini ya mwembe napo umesifiwa, na umeandika kwa furaha. Furaha hiyo ni halali yako. Ila wewe na mimi tunajua ugonjwa wako hauingii kwa mlango wa huzuni tu, huingia pia kwa mlango wa furaha. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya darasa, je, utalala? Na usiku wa baada yake, watu wakishakushika mkono na kukuita shujaa? Ukikubali kufundisha, naona afadhali mpatane mapema na Sista juu ya kipimo kisicho na mjadala, kwa mfano kwamba ukilala chini ya saa tano kwa siku mbili mfululizo, Jumamosi hiyo unakaa kwenye kiti, hushiki chaki, na hakuna anayekuuliza maswali. Kipimo hicho kishikwe na mtu mwingine, siyo wewe, maana ukianza kupanda hutakiona. Mdogo wako anaweza. Na ule mkono unaotetemeka mweleze daktari waziwazi, umtajie na lile jina la vaibresheni. Mara nyingi kuna la kufanya, kupunguza dozi au kubadilisha dawa, lakini yeye ndiye afanye, usije ukajifanyia tena.

Sasa mkeo.

Nimesoma barua yako mara tatu nikimtafuta. Nimemkuta ananisoma, nimemkuta anakufunga, nimemkuta hana nafasi, nimemkuta anarudi Pangani. Hukunieleza zile wiki sita aliishije. Deni la milioni moja na nusu lililipwa na nani? Malaria ya kichwani aliitunga nani, na kwa miaka mitatu nani amekuwa akiirudia kila jirani akiuliza, kwa maneno yaleyale ili isipishane? Unadhani anaona aibu juu yako. Inawezekana. Lakini fikiri na upande huu: siku utakayosimama pale ukasimulia usiku ule, utafika mahali pa kanga. Na kanga zilikuwa zake.

Watu chini ya mwembe watamhurumia mtu aliyefungwa. Aliyefunga atahurumiwa na nani? Inawezekana mwanamke huyo amebeba swali ambalo hajawahi kuulizwa kwa upole: nilimfanyia mume wangu kitendo kile kwa mkono wangu, nilikosea? Akisema hana nafasi ya kuja darasani, labda kweli hana. Au labda hataki kukaa mbele ya watu akaulizwa.

Kuna habari ya zamani inayohusiana na hili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti mmoja Mwingereza, George Brown, aliona kwamba wagonjwa waliotoka hospitali wakarudi kwa wazazi au kwa wake zao walirudishwa wodini zaidi kuliko waliokwenda kuishi kwa kaka na dada zao au kwenye vyumba vya kupanga. Baadaye ikaonekana sababu kubwa ni kugombezwa na kufuatwafuatwa mno nyumbani. Watu wakaisoma vibaya, wakaanza kuwalaumu wake na mama. Lakini mtu aliyeogopa, asiyelala, asiyeelezwa kitu na daktari, afanye nini kama si kufoka na kufuatilia kila hatua? Ndipo likaja wazo la kuwafundisha ndugu pamoja na mgonjwa. Mpango huo wa KUPAA aliouiga Sista, jina lake refu ni Kuwezeshana Kupata Uzima, ulikuwa kwa watu wenye skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na maradhi ya jamii yake, wakikaa vipindi 12 na ndugu zao darasa moja. Nalipenda hilo "shana" la kuwezeshana. Nyumbani kwako aliyewezeshwa mpaka sasa ni mmoja, pengine wawili na mdogo wako. Aliyekuwepo usiku ule hajafundishwa chochote.

Sisemi umlazimishe. Ila kabla ya kumwuliza kama anakubali usimame mbele, ungemwuliza usiku ule kwake ulikuwaje. Umwulize, unyamaze. Walimu kunyamaza ni kazi, najua, mume wangu alikuwa mwalimu.

Kuhusu kisa chenyewe, Sista namheshimu lakini hapo nabishana naye. Kisa chote siku ya kwanza, kwa nini? Nyumba za Tanga nazifahamu: kuna baraza, kuna ukumbi, kuna uani. Mgeni wa baraza hapewi ufunguo wa uani siku ileile. Habari ya dawa na daku ni ya barazani, mgawie yeyote. Mkono kutetemeka na wanafunzi kukupa jina, nayo barazani, watacheka na watajitambua. Kengele ya saa nane usiku labda ni ya ukumbini, kwa siku utakapowazoea. Kanga ni ya uani, na ufunguo wake mnao wawili. Ukitoa la barazani tu, hujadanganya mtu. Hatari yake ni kwamba wanafunzi wa namna hii huuliza. Kijana atakuuliza, "Mwalimu, na wewe walikufunga?" Uwe umeshajua utakachojibu, hata kama ni "hilo siku nyingine."

Mambo mengine ya kumwuliza Sista kabla hujasema ndiyo. Somo litatungwa na nani, ninyi wawili, au yeye atunge wewe uje uwe mfano wa kuonyeshwa? Nimeona wagonjwa wakisimamishwa mbele ya wageni kama vikombe vya mashindano, na baada ya wageni kuondoka hakuna anayewakumbuka. Posho na nauli vitakuwaje? Usione haya kuuliza, yeye akifundisha yuko kazini. Simu je? Kipande cha sekunde 20 kikirushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hakuna baraza wala uani tena. Na ukishakuwa mwalimu mwenzake, siku ukiumwa utakwenda kwa nani umwambie mambo ambayo mwenzako wa kazi hapaswi kuyasikia?

Kazini kwako, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi katika ajira, na ulemavu wa akili umo ndani yake. Ni vizuri kuijua. Minong'ono ya ofisi ya walimu haizuiwi na sheria yoyote, kwa hiyo mkuu wako wa shule, ambaye amekutunzia siri miaka yote hii, asije akasikia habari ya darasa kwa mzazi kabla hajaisikia kwako.

Halafu, umeniuliza ufundishe au unyamaze, kana kwamba katikati hakuna kitu. Unaweza kumwandalia Sista masomo bila kusimama. Wewe ni mtu wa majedwali: jedwali la usingizi la mwezi mmoja, ambalo mtu asiyesoma vizuri anaweza kulijaza kwa alama, lingewafaa wengi, na jina lako halitakuwemo. Ubaya wake ni kwamba utakosa ile raha ya kuona mtu ananukuu, na huenda raha hiyo ndiyo inayokuponya. Unaweza kufundisha kipindi kimoja tu, cha Ramadhani, mkaona. Unaweza kwenda kufundisha Muheza au Korogwe ambako hawakujui, ingawa Tanga ni ndogo kuliko tunavyodhani na nauli inakula. Unaweza kungoja mwaka, ukafunga Ramadhani nyingine salama, kisha ukaamua; hatari ya kungoja ni kwamba mwaka huugeuka miwili, na kijana mwingine wa bodaboda anaacha vidonge vyake kama ulivyoacha vyako. Wewe ndiwe unayejua lipi kati ya haya linaloweza kukaa nyumbani kwako bila kuvunja kitu.

Mama yako mzazi mwache na jini lake. Kama anakubali umeze dawa huku anasoma dua, hamgombani.

Binti yako ndiye ninayemfikiria. Usiku ule alikuwa na miaka 13. Mtoto wa miaka 13 halali wakati baba yake hayupo ndani saa nane na mama anatoka mbio na majirani. Mnamlinda asijue. Mimi najiuliza kama yeye naye hawalindi ninyi msijue kwamba anajua. Na kama amesikia neno wazimu shuleni au dirishani, basi huenda anajitazama kwenye kioo akingoja zamu yake. Mwambieni ukweli mnaoufahamu kutoka kliniki: mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa huu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua kuliko watoto wengine, lakini wengi wao hawaugui. Kuhusu posa, sina la kumjibu mama yake. Wapo watakaorudi nyuma. Nimewaona, na nimeona pia walioingia kwenye nyumba zilizojulikana kuwa na ugonjwa wakakaa kwa heshima. Hofu yake ina miguu, usiipuuze.

Sasa nirudi pale nilipoacha. Mwalimu, ungeweza kuniandikia mahali ambapo mkeo hasomi. Ulichagua hapa, anapokusomea baada ya chakula. Nadhani barua hii umeniandikia mimi nusu, nusu nyingine ni yake, na somo lako la kwanza umeshalifundisha bila kumwomba Sista ruhusa.

Kwa hiyo naomba radhi nigeuke kidogo. Mama watoto, kama umefika mpaka mstari huu, pole. Pole ya usiku ule, na pole ya kuibeba malaria miaka mitatu. Sijui kama unataka asimame chini ya mwembe au asisimame, na si mimi wa kukushawishi. Ila safu hii ni yako kabla haijawa yake. Ukitaka kuandika ulivyouona wewe usiku ule, andika, hata mistari mitatu. Jina sitakuuliza.